Mapigo Matatu

Kipili, Nkasi
11 Machi 2024

Kaka Kornel,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepiga simu wee, mpaka mkeo Kristiana akanionea huruma akaniambia mumewe amekataza sauti yangu isiingie nyumbani kwake hata kwa simu. Haya, sauti nimeizima, naandika. Barua hii namkabidhi Isakwisa, yule dereva wa Mbeya anayepakia samaki wa migebuka hapa mwaloni na kuishusha sokoni Sumbawanga. Amesema atapita Kasense akipata nafasi, kwa hiyo sijui itakufikia lini.

Mimi mzima. Nimepata kazi ya kutengeneza injini za boti, na ninaishi na wavuvi wanne kwenye chumba kimoja. Joto la huku ziwani halina adabu, nautamani ule upepo wetu wa juu unaopasua midomo. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Kristiana na watoto je? Jenifa wangu sasa ana mimba ya miezi sita. Nakuomba umwangalie kama mke wa mdogo wako, maana yeye hana kosa. Na wewe, kidonda cha mkono kimefunga? Nauliza kwa moyo mweupe, ingawa najua utanitukana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kaka, uligonga. Wewe unajua kwamba uligonga. Baba alitulea hivyo: anayeshika chuma kwa koleo hasemi neno, anagonga kwa nyundo ndogo mahali anapotaka, na mwenye nyundo kubwa anapiga palepale bila kuuliza. Nyundo ndogo ikilazwa ubavu juu ya fuawe, basi, pumzika. Miaka ishirini umenigongea na mimi nimepiga, na hata siku moja sijakosea.

Nilipomaliza kuiunda ile nyundo ya mashine, kwa ile mota ya kinu kilichokufa, na springi za Fuso, na tairi la kuizungushia, nilikwambia mbele ya watu: kaka, hapa hakuna kugonga. Mikono yangu ilikuwa na safari ya kupanda na kushuka, ndiyo maana ulipata muda wa kuutoa mkono wako. Mashine haina safari. Ukitaka ipige, sema "piga". Ukacheka. Halafu chuma kilipoiva ukakiweka, ukagonga kwa mazoea, na mguu wangu ukakanyaga pedeli kwa mazoea. Mkono wako ulikuwa bado pale. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna kingine.

Kikao cha ukoo kimesema nisitie mguu Kasense mpaka wewe mwenyewe utamke kwa kinywa chako kwamba uligonga. Ni neno moja tu, kaka. Mtoto wangu atazaliwa Juni, na mimi nataka niwepo.

Mdogo wako,
Adolfu


Kasense, Sumbawanga
2 Mei 2024

Adolfu,

Marahaba. Milele, amina.

Barua yako imekaa kwenye gari la Isakwisa zaidi ya mwezi, ikaja inanuka samaki. Nimeisoma mara moja, imenitosha. Anayeandika hapa ni Kristiana, mimi nasema yeye anaandika, maana mkono wa kuandikia unajua ulipo. Kama hujui nitakwambia. Hospitali walinipa ukiwa umefungwa kwenye kanga, Mama akauweka kwenye boksi la sabuni, akauzika pembeni ya kaburi la Baba. Kwa hiyo mwenzako sijafa lakini kaburi ninalo. Jumapili baada ya Misa napita kulisalimia.

Mama mzima, miguu ndiyo ileile. Watoto wazima. Mahindi yamebeba vizuri, ulezi nao si haba. Jenifa mzima. Anakula kwangu, anateka maji ya kwangu, na nimemwambia sahani yake aioshe peke yake asiichanganye na zetu. Simu yake nimeiweka kabatini, alikuwa analia nayo sana na mtu mjamzito kulia si vizuri.

Sasa sikia. Mimi sikugonga. Nilikuwa nakiweka chuma sawa. Nimekaa kwenye fuawe tangu ukiwa hujui kujifuta kamasi, nigonge kwenye mashine kama mwanafunzi wa siku moja? Hao watu walionunua mashoka yangu toka Mwimbi mpaka Kalambo nzima, wakasikie Kornel amejikata mkono kwa kusahau? Thubutu!

Na tena nikuulize jambo, maana wewe ni fundi mwenye akili. Nyundo ilishuka mara ngapi? Mimi nilizihesabu. Mara tatu. Daktari aliniambia lingekuwa pigo moja angeniokolea vidole vitatu na kiganja. Nikigonga mara moja unapiga mara moja, hivyo ndivyo Baba alivyotufundisha, sivyo? Hayo mawili ulipiga kwa amri ya nani?

Askari alipojaza ile fomu ya PF3 nilimwambia ni ajali ya kazini. Nilimwambia hivyo kwa ajili ya Mama. Maneno yale naweza kwenda kuyabadilisha asubuhi yoyote, kituo si mbali. Kaa huko huko na migebuka.

Kornel

(Nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo: Shemeji, mengine nimekataa kuyaandika. Jenifa na tumbo lake wote wazima. Sahani tunaosha pamoja akiwa hayupo. K.)


Kipili
12 Mei 2024

Kaka Kornel,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za Mama. Mwambie nimempelekea dagaa, Isakwisa anazo kwenye mfuko wa bluu, asikubali kuambiwa zimepotea. Mimi niko salama, isipokuwa malaria kidogo iliyopita.

Habari ya mkono wako kuzikwa imeniuma, haki ya Mungu. Siku ile nilipokubeba mgongoni mpaka barabarani ulikuwa unanitukana, na nililia njia nzima. Umesahau?

Kuhusu mapigo matatu, usinitafutie makosa pasipo na makosa. Mashine ile haisimami ghafla. Tairi likishika kasi linataka muda wa kutulia, hata uwe umeinua mguu. Ndiyo kawaida yake. Muulize mtu yeyote wa mashine.

Lakini umenikumbusha mengi. Mimi kwako sikuwahi kuwa fundi. Wateja wakija wakiniuliza jambo ulikuwa unawaambia, "Huyo msimuulize, huyo ni mkono tu." Miaka ishirini, Kornel. Nimezeekea kwenye nyundo ya kilo saba, mgongo wangu unalia kama mlango. Niliunda mashine ile kwa miezi kumi na mmoja, nikiokota vyuma kwenye magereji ya mjini, ili siku moja na mimi useme, "Hii ni kazi ya mdogo wangu." Ukaja, ukaizunguka, ukasemaje? Nakumbuka kila neno. Ulisema, "Vizuri. Sasa nikipata kijana wa kukanyaga pedeli, wewe naweza kukupumzisha." Ulisema hivyo asubuhi ileile, kabla hata chuma hakijaingia motoni.

Basi, hayo yamepita. Nakuomba mambo mawili. Sema neno lile. Kama huwezi, mruhusu Jenifa aje huku nimtunze mwenyewe. Isakwisa amekubali kumweka mbele na kuendesha taratibu.

Adolfu


Kasense
7 Julai 2024

Adolfu,

Marahaba. Dagaa zimefika, Mama amekula, amesema zina mchanga.

Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi majani yanakuwa meupe. Ulezi tumeshavuna. Mengine ni haya. Jenifa amejifungua tarehe kumi na nane mwezi uliopita. Mtoto wa kiume, mzima, ana sauti. Kumsafirisha Kipili na mimba ile nilikataa, na kikao kikaniunga mkono. Sasa ni mzazi mchanga, na bado nakataa vilevile.

Jumapili iliyopita amebatizwa. Padri aliuliza baba wa mtoto yuko wapi. Kanisa zima likageuka kumtazama Jenifa, na yeye akainamisha kichwa. Nikasimama mimi. Nikamshika mtoto kwa mkono huu mmoja. Padri akauliza jina. Nikasema, Kornel. Kwa hiyo una mtoto anaitwa Kornel, hongera. Ukimwita utakuwa unaniita mimi, na ukimfokea utakuwa unanifokea mimi. Jenifa alikuwa amemchagulia jina la Yohanes, la Baba, lakini nani alimuuliza?

Mashine yako iko imara, nakusifu. Nimemchukua kijana mmoja wa Kisukuma, Masalu, tangu mwezi wa tatu. Anashika na kukanyaga mwenyewe, mimi nakaa kwenye kigoda namwelekeza kwa mdomo. Majembe tuliyokuwa tunafua wiki nzima, wewe ukitoka jasho na kuhema kama ng'ombe, yeye anayamaliza siku mbili. Halafu mashine haina mdomo. Haikumbuki nilisema nini asubuhi. Kumbe miezi kumi na mmoja yote ulikuwa unajiundia mtu wa kukaa mahali pako!

Neno unalolitaka halipo. Salamu kwa wavuvi wenzako.

Kornel

(Nyuma: Shemeji, mtoto amefanana na wewe masikio. Samahani sana kwa jina. K.)


Kipili
13 Julai 2024

Kornel,

Leo sikusalimu. Mama msalimie.

Mwanangu umemchukulia jina ukiwa umemshika kwa mkono ule wa kushoto, mbele ya altare, na mama yake ameinamisha kichwa. Mimi nilipata habari hizo nikiwa nimelala chini ya injini ya boti, mafuta yananidondokea usoni, nikaisoma barua yako mara tatu. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nimeshangaa mwenyewe.

Nilikuwa nakuandikia kama mtu mwenye hatia anayeomba. Nimeacha leo. Usinitumie tena habari za Masalu.

Adolfu


Kasense
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Adolfu,

Hujambo? Huku sote wazima. Mama anakuulizia. Mtoto ananenepa, anacheka na kila mtu. Jenifa nimemrudishia simu, ingawa kioo kilipasuka kikiwa kabatini, kwa hiyo haiwaki. Upepo wa Agosti umeezua bati mbili za kibanda cha kufulia, tumesharudishia.

Nina jambo la kazi. Mashine imeanza ukorofi. Ukiinua mguu inaongeza pigo moja, siku nyingine mawili. Nimemwita fundi wa umeme kutoka mjini, amekagua mota, anasema mota haina neno. Nimemwita mchomeleaji, naye anakuna kichwa. Wewe ndiye uliyeiunda na hukumwonyesha mtu undani wake, ulifunika upande mzima wa ukutani kwa bati na kuchomelea. Andika uniambie ni nini, na ueleze kwa utaratibu ili Masalu aweze kufuata. Watu wa Mwimbi wameleta majembe ya plau ya kufua upya kabla ya mvua za Novemba, yamejaa mpaka mlangoni.

Jambo moja limenishangaza. Masalu anaapa kwamba miezi yote tangu Machi mashine ilikuwa ukiinua mguu tu inasimama palepale, kama imekufa. Na wewe Mei uliniandikia kwamba kawaida yake haisimami ghafla. Sijui nani kati yenu anasema kweli. Lakini hilo si la leo, mimi nataka itengenezwe.

Nasubiri jibu haraka, Isakwisa nimemwambia asipitie kwingine.

Kaka yako,
Kornel


Kipili
4 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wote wazima. Kumbe nikiwa na kitu unachokitaka naitwa mdogo wangu na barua zinafika kwa siku mbili!

Ugonjwa wa mashine naujua. Niliposoma tu nikaujua. Ni kazi ya saa moja na spana mbili. Lakini sitauandika.

Itisha kikao. Aje Mama, waje wazee wa ukoo, aje na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Usimame, useme: "Niligonga mimi, Adolfu alipiga kwa sababu niligonga, wala hakukusudia." Liandikwe kwenye karatasi, Mama atie dole gumba, karatasi niletewe. Siku nitakayoishika mkononi ndiyo siku utakayojua mashine ina nini. Kabla ya hapo usinitumie hata salamu.

Utasema nachezea roho ya Masalu. Mwambie Masalu aangalie vidole vyake, au aache kazi. Wewe ndiye uliyemweka pale. Mimi mashine yangu sikumuundia yeye.

Adolfu


Kasense
10 Oktoba 2024

Adolfu,

Marahaba ya barua iliyopita.

Nilikaa kimya makusudi. Nilisema sitapigishwa magoti na mtu niliyemfundisha kushika nyundo. Tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita, Masalu alikuwa anatoa jembe la plau, mguu ameshauinua. Pigo la ziada likamkuta. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Hakupiga kelele, alikaa chini akawa anavitazama, akaniuliza, "Fundi, hivi vinarudishwa?" Amerudi kwao Usukumani. Wewe ulijua na mimi nilijua, na hakuna aliyemwonea huruma. Hilo tutagawana, sitalibeba peke yangu.

Baada ya hapo hakuna mtu anayekubali kusogelea mashine. Wanasema ina pepo. Watu wa Mwimbi wamekuja mara mbili kuyadai majembe yao, mara ya pili walinitukana mbele ya watoto wangu.

Basi juzi nikaitisha kikao. Walikuwa kumi na wanne. Nikasimama. Nikasema niligonga. Nilisema kwa sauti kubwa maana niliona nikinong'ona nitalazimika kurudia. Nikaeleza nilivyoshika koleo kwa kushoto na nyundo ndogo kwa kulia, nikagonga kwa mazoea ya mikono yako, nikasahau kwamba ile ni mashine. Mzee Gaudensi, yule ndugu ya Baba, akaniambia, "Kumbe umemfukuza mdogo wako kwa uzembe wako mwenyewe?" Fundi mmoja wa Kasense ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kutengeneza mpini alicheka. Jenifa alitoka nje na mtoto. Mama aliinuka akaenda kuanua ulezi uliokuwa juani, na mpaka leo ananipa chakula bila kunitazama.

Karatasi hii hapa, na dole gumba la Mama limo. Nimevuliwa nguo hadharani kama ulivyotaka. Niambie mashine ina nini, kisha uje nyumbani. Kikao kimesema huna kosa.

Kornel

(Nyuma: Shemeji, amesema kweli, nilikuwepo. Hajawahi kulia tangu nimeolewa naye, ila siku ile alilia. Njoo. K.)


Kipili
20 Oktoba 2024

Kaka Kornel,

Shikamoo. Karatasi nimeipokea. Nimeikunja nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Asante. Poleni kwa Masalu.

Kwanza mashine. Fungua lile bati la upande wa ukutani, lichane tu kwa tindo. Nyuma ya tairi utakuta ukanda wa mpira nilioukata kwenye mkanda wa kinu. Huo ndio breki. Ukiinua mguu, unakaza na tairi linakufa palepale. Umelika, ndiyo maana inaongeza mapigo. Kata mwingine, upana wa vidole vitatu, ufunge kwa zile nati mbili, ukaze mpaka tairi lisizunguke kwa mkono. Umemaliza.

Umeelewa nilichokuandikia? Soma tena. Breki ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Masalu alikuwa mkweli. Mashine yangu ilikuwa ukiinua mguu tu inasimama.

Pigo la kwanza lilikuwa lako. Uligonga, mguu wangu ukashuka wenyewe, na mbele ya Mungu hapo sina kosa. Lilikupata kwenye vidole. Nikakuona umefungua mdomo, sauti bado haijatoka. Nilikuwa na muda, kaka. Si muda mrefu, lakini wa kuinua mguu ulikuwepo. Nikakumbuka ulivyosema utanipumzisha. Nikakumbuka "huyo ni mkono tu". Nikauacha mguu pale pale. La pili lilikuwa langu, na la tatu langu pia. Kisha nikainua mguu, nikapiga kelele, nikakubeba mgongoni, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Usiniulize inawezekanaje, hata mimi sijui.

Ningeweza kunyamaza mpaka kufa. Mwanzoni nilitaka kunyamaza, nilikuwa naogopa na naona aibu. Lakini tangu uniletee habari za ubatizo, nimekuwa nikiingoja siku ya kukuandikia haya. Sitaki ukae mezani unanitazama ukidhani ulijikata mwenyewe. Nataka ujue ni nani anayekula na wewe. Nenda kituoni kama unataka. Waambie ukoo. Watu kumi na wanne wamekusikia ukisema uligonga, na dole gumba la Mama ninalo mimi. Ukibadilisha leo watasema mkono ulikwenda na akili.

Nakuja Alhamisi ya tarehe thelathini na moja na gari la Isakwisa. Mwanangu nitamwita Yohanes.

Adolfu


Kasense
27 Oktoba 2024

Adolfu,

Naandika mwenyewe kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Barua yako Kristiana hajaiona. Nimeitia motoni kibandani na nimekaa pale mpaka ikaisha.

Mama hajambo. Mtoto ameanza kujigeuza. Jenifa ameosha nyumba yenu.

Sitakwenda kituoni. Sitamwambia mtu. Ulichokiandika nilikijua tangu siku ile, kwa sababu sikuwa naangalia nyundo, nilikuwa nakuangalia wewe usoni. Kwenye kikao nilisema kweli yangu, na yako sikuisema.

Ukanda wa breki nimeufunga jana, imenichukua siku nzima kwa mkono mmoja. Inasimama palepale, nimeijaribu na kipande cha mti. Sijachukua kijana mwingine wala sitachukua. Tangu Februari sijashika koleo. Sasa nitashika. Chuma nitakiweka mimi chini ya nyundo kwa huu mkono uliobaki, na pedeli utakanyaga wewe. Kukugongea siwezi tena, mkono wa kugongea uko kwa Baba. Na "piga" sitasema. Utakanyaga utakapoona mwenyewe inafaa, na utainua mguu utakapoona inafaa. Mimi nitakuwa nakutazama usoni, kama siku ile.

Tutafanya hivyo kila siku ya kazi mpaka mmoja wetu azeeke. Nimemwambia Jenifa awe anakaa pale mlangoni na mtoto, kuna jua zuri la asubuhi.

Majembe ya Mwimbi yapo arobaini. Ijumaa ni Watakatifu Wote, kwa hiyo tutaanza Jumamosi baada ya chai.

Kornel